Intaneti ya Nyumbani ni ya Nani?

Katika mkutano wa wazazi na walimu wa muhula uliopita lilitolewa shauri ambalo, kwa jinsi tulivyosimuliwa, lilipigiwa makofi mengi. Mzazi mmoja alisimama akasema kwamba wazee waliotia intaneti majumbani mwao wafanye kama afanyavyo yeye: neno la siri wakae nalo wenyewe, na watoto wafunguliwe Jumamosi na Jumapili tu. Sababu alizozitoa zilikuwa mbili. Ya kwanza, kwamba watoto hupoteza wakati. Ya pili, kwamba nyumba yenye watu wanane au tisa haiwezi kutumia laini moja pasipo ugomvi, na ugomvi ukizidi dawa yake ni kufuli. Sisi wanafunzi hatukuwamo katika mkutano ule, wala si desturi tuwemo. Kwa hiyo naomba nafasi katika gazeti letu nipate kujibu, kwa heshima yote anayostahili mzazi.

Juu ya ile sababu ya kwanza sitasema mengi. Mtoto apendaye kupoteza wakati haingojei intaneti. Kabla yake palikuwa na karata, na kabla ya karata palikuwa na bao, na hata leo wako wawezao kuimaliza jioni nzima kwa kutazama wapitao barabarani. Sababu ya pili ndiyo inayonishughulisha, maana ndiyo iliyowavuta hata wazazi wenye huruma. Wengi wao wamechoka. Kila jioni huyu alia kwamba ukurasa haufunguki, yule amlaumu nduguye, na baba aliyelipa fedha zake ajiona amenunua kelele. Nasema kwamba ugomvi huo, katika nyumba nyingi, hauletwi na udogo wa laini. Waletwa na kukosa utaratibu, na utaratibu wenyewe hauhitaji fedha nyingi. Na kufuli, badala ya kumkomesha mkosaji, aghalabu humwangukia asiye na kosa.

Nitatoa mfano wa kwetu, kwa kuwa ndiko ninakokujua. Nyumba yetu ni nyumba ya kawaida ya Ngamiani hapa Tanga: ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na nyuma ni uani penye jiko. Tumo Bibi, Baba, Mama, kaka zangu wawili, mimi na mdogo wangu wa kike. Na chumba kimoja cha nyuma amepanga mama mmoja na mwanawe. Baba ana kompyuta ya mezani ya hesabu za duka lake la vifaa vya ujenzi. Kaka mkubwa, ambaye kazi yake ni kupiga picha za harusi, ana kompyuta yake ya mkononi. Kaka wa pili yuko chuoni naye ana yake. Mimi na mdogo wangu tuna moja kuukuu tuliyoachiwa. Ukiongeza simu sita, vyote hivyo vyanywa katika kisima kimoja, yaani kile kisanduku cha ruta chenye taa za kijani.

Aliyepata kukaa nyumba ya kupanga yenye LUKU moja ajua taabu ya kugawana. Huyu ana jokofu, yule ana pasi, umeme umekatika usiku na kila mtu asema si yeye aliyeumaliza. Nadhani wazee wengi huitazama intaneti kwa jicho hilo hilo la LUKU, na hapo ndipo hesabu inapopotoka. Umeme ukitumiwa umekwisha. Bando la simu kadhalika: umepewa kiasi, ukikitumia hukioni tena, na aliye na bando ana haki ya kulibana kama abanavyo maji ya pipa. Lakini laini ya nyumbani inayolipiwa kwa mwezi, isiyo na kikomo, kama yetu, si pipa. Ni barabara. Barabara ikikaa tupu usiku kucha, asubuhi haiwi pana zaidi. Basi mzazi afungaye laini ya namna hiyo tangu Jumatatu hadi Ijumaa haweki akiba hata ya senti moja. Mwisho wa mwezi atalipa vile vile.

Sasa tupime upana wa barabara yenyewe. Kampuni yatuuzia megabiti 20 kwa sekunde za kupakua, na megabiti 5 za kupakia. Hapa wengi hukosea, hata hudhani wamepunjwa, kwa kuwa megabiti si megabaiti. Baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo megabiti 20 ni megabaiti 2.5 tu kwa sekunde. Tuseme nataka kitabu cha megabaiti 30. Nikiwa peke yangu, chanifikia kwa sekunde 12. Tukiwa watano, sote twapakua kwa wakati mmoja, na kila mmoja akapata fungu lake sawa, chanifikia kwa sekunde 60. Dakika moja! Ni nani atakayemshika nduguye shati kwa ajili ya dakika moja? Mazungumzo ya sauti hayali hata sehemu ya kumi ya megabiti moja. Sinema iliyo wazi sana yala megabiti kama 5. Nyumba ya watu tisa, ambao Bibi ni mmoja wao na haja yake ni kumwona mjukuu aliye Muscat kila Ijumaa, yapaswa kutoshewa na laini hiyo na kusaza.

Basi kama hesabu ndiyo hiyo, ilikuwaje nikangoja robo saa nzima ukurasa mmoja wa Baraza la Mitihani ufunguke, ule wa uchambuzi wa majibu ya watahiniwa waliotutangulia?

Kabla ya kujibu, yafaa tujue kwanza namna kompyuta nne na simu sita zinavyotumia laini moja. Shule yetu ina sanduku moja la posta. Barua ya mwanafunzi yeyote huandikwa S.L.P. ile ile, hufika ofisini, na karani huigawa kwa kutazama jina. Mtu wa posta hajui wala hana haja ya kujua kama fulani yuko Kidato cha Pili au cha Nne. Kisanduku cha ruta ndicho karani wetu. Kampuni yatupa anwani moja tu ya nje. Ndani, kisanduku chagawa anwani zake chenyewe, aghalabu zile zianzazo na 192.168, ambazo tangu 1994 zimetengwa kwa matumizi ya ndani. Hata jirani anazo hizo hizo, nazo hazigongani, kama vile kila shule ilivyo na Kidato cha Nne A chake. Ombi likitoka kwenye kompyuta yangu, karani huandika katika daftari lake kwamba jibu lake ni langu, hulipeleka nje kwa anwani ya nyumba, na jibu lirudipo hunikabidhi.

Ufundi huu ulielezwa kwa maandishi mwaka 1994 na Kjeld Egevang na Paul Francis, na sababu yake ilikuwa uhaba. Anwani za intaneti zilizopangwa mwaka 1981 ni 4,294,967,296 na hazizidi hapo. Hazitoshi hata kila mtu wa dunia ya leo apate moja. Mafungu ya mwisho ya akiba ya dunia yaligawiwa Februari 2011. Anwani za toleo la sita, zilizo nyingi kupita kiasi, zipo na zaenea, lakini nyumba nyingi zingali zaishi kwa sanduku moja la posta. Nayataja haya kwa kuwa wako wadhanio kwamba kuunga kompyuta nyingi kwenye laini moja ni ujanja wa kuidhulumu kampuni. Sivyo. Kisanduku chenyewe kimetengenezwa kwa kazi hiyo.

Narudi kwenye robo saa yangu. Nyumbani kwetu mshitakiwa wa siku zote alikuwa kaka wa pili, kwa sababu hucheza mpira wa kwenye kompyuta na rafiki zake wa chuoni, na kwa sababu hupiga kelele acheazapo. Aliyepiga kelele ndiye aliyeonekana mlaji. Alinyang'anywa neno la siri majuma mawili. Laini haikupona. Jumapili ile ile baada ya Magharibi ikazimia kama kawaida yake, naye amekaa barazani hana hata simu mkononi.

Mwalimu wetu wa kompyuta alinifundisha kipimo kimoja rahisi: kutuma neno dogo kwenye kompyuta ya mbali na kuhesabu jibu lake larudi baada ya muda gani. Nilikipima nyumba ikiwa imetulia, jibu likarudi kwa milisekunde 30 hivi. Nikakipima tena Jumapili baada ya Magharibi: milisekunde 1,500 na ushei. Nikazunguka vyumbani kuuliza kila mtu afanya nini. Baba alikuwa anasoma habari. Mama hakuwa na kitu. Kaka mkubwa alikuwa anawapelekea watu wa harusi sinema yao.

Sinema ya harusi moja yaweza kufika gigabaiti 8, yaani megabiti 64,000. Kwa njia ya kupakia ya megabiti 5, hiyo ni saa tatu na nusu na dakika chache. Na katika muda wote huo kompyuta yake hujaza mlango wa kutokea mpaka juu. Mtu atauliza: yeye apakia, mimi napakua, twakutana wapi? Twakutana mlangoni. Siwezi kupakua chochote pasipo kwanza kupeleka ombi, na kila kipande nikipokeacho kompyuta yangu hurudisha hati ya kukiri. Ombi langu ni dogo kama karatasi ya shilingi, lakini lazima lisimame nyuma ya mizigo yake yote. Kisanduku, badala ya kuikataa mizigo inayozidi, huiweka ghalani ingoje. Kikiwa kimeweka megabaiti moja tu mbele yangu, kwa mwendo wa megabiti 5 hiyo ni sekunde 1.6 za kungoja. Na ukurasa mmoja wa siku hizi huenda na kurudi mara nyingi kabla haujakamilika.

Wazee wetu wakumbuka intaneti ya kabla ya Julai 2009, mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam kwa njia ya bahari. Zamani zile nchi yetu ilitegemea sana satelaiti zilizo juu yetu kilomita karibu 36,000, na swali kwenda na jibu kurudi vilichukua karibu nusu sekunde. Basi tazama ajabu hii: ombi langu lilikuwa linangoja ndani ya kisanduku, ukumbini kwetu, mara tatu ya safari ile ya mbinguni.

Ugonjwa huu si wa Ngamiani peke yake. Jim Gettys, mhandisi mkubwa wa Marekani, aliushika nyumbani kwake mwenyewe mwaka 2010 alipokuwa akipeleka mafaili makubwa, akashangaa kwamba kwa miaka mingi watu wamekuwa wakiongeza ghala katika visanduku wakidhani wafanya wema. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa kanuni ya kuizuia foleni isivimbe, na siku hizi baadhi ya visanduku huweza kumpa kila mtu zamu yake mlangoni, mwenye karatasi moja asimngoje mwenye lori. Chetu hakiwezi. Lakini dawa ilipatikana bila kununua kitu. Programu ya kaka ya kutumia mafaili inaruhusu kupunguza mwendo. Aliipunguza hadi megabiti 3, na sasa huanza kazi saa nne usiku. Hukaa kama saa sita, na kabla ya alfajiri watu wa harusi wana sinema yao. Kazi hiyo ndiyo inayomlisha, wala sikutaka aiache. Nilitaka tu lori lipite usiku.

Nauliza, kufuli la mzazi wetu lingaliliona jambo hili? Kufuli lingalitufungia sisi watoto, na Jumapili baada ya Magharibi Baba angalibaki peke yake kwenye laini na sinema ya harusi, akiilaani kampuni.

Jambo la pili ni mahali pa kisanduku. Fundi akija huuliza runinga iko wapi, naye hukipachika hapo. Chetu kilikuwa chumba cha mbele, nyuma ya runinga, kando ya kabati la vyombo. Mawimbi yake hupita katika kuta, lakini kila ukuta hutoza ushuru, na zege na mabati hutoza mkubwa. Visanduku vingi vina mawimbi ya namna mbili: ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi lakini ni ya polepole, na ya gigahezi 5 huenda mbio lakini huchoka upesi. Tena hewa ni moja. Katika njia moja ya mawimbi husema mmoja tu kwa wakati mmoja, kama darasani. Aliye mbali sana, ambaye mawimbi yamfikia yamekwisha nguvu, hulazimika kusema polepole, na wakati asemapo polepole wengine wote wamngoja. Kwa hiyo mtu aliye chumba cha mwisho hateseki peke yake. Huwachelewesha na walio karibu.

Tulikiondoa pale tukakitundika ukutani katikati ya ukumbi, juu, mahali palipokuwa na kalenda. Kompyuta ya Baba, ambayo haiondoki mezani, tuliiunga kwa waya, na waya wa namna hiyo waweza kufika hata mita 100. Hivyo tukapunguza msemaji mmoja hewani. Gharama ilikuwa waya na misumari. Baba alilalamika juu ya kalenda kwa siku mbili.

Na baada ya kukihamisha ndipo mawimbi yalipofika uani, jikoni. Hili kwa wengine ni dogo. Kwangu mimi ndilo lililonifanya niandike.

Nyumbani kwetu ilikuwako ratiba, imeandikwa vizuri na kubandikwa: saa moja hadi saa tatu usiku, intaneti ni ya masomo, saa tatu hadi saa nne, ni ya kila mtu, saa nne Baba azima kisanduku. Mgeni akiisoma atasema hii ni nyumba ya watu wenye akili. Lakini saa moja hadi saa tatu usiku ndio wakati wa chakula. Mimi na mdogo wangu twakuna nazi, twasonga ugali au twapika wali, twaandaa, twaondoa, twaosha. Kaka zangu watoka msikitini wakae mbele ya kompyuta zao. Nikauke mikono saa tatu na nusu, saa ya masomo imekwisha, na nusu saa baadaye taa za kijani zimezimika. Kwa ratiba ile kila mwanafunzi alikuwa na saa mbili. Kwa kweli ya mambo, kaka yangu alikuwa na saa mbili, nami nilikuwa na nusu saa yenye kelele za mpira.

Kisanduku hakimjui mvulana wala msichana. Hugawa kwa haki kadiri kilivyoundwa. Ubaguzi haukuwamo katika kisanduku. Ulikuwamo katika karatasi iliyobandikwa ukutani, nayo iliandikwa bila nia mbaya yoyote na mtu ambaye hajapata kusimama jikoni saa hiyo. Mwezi wa Novemba wavulana na wasichana wa Kidato cha Nne watakaa katika chumba kimoja na kupewa karatasi moja. Hapana alama zitakazoongezwa kwa nazi.

Kwa hiyo nataka wazazi walitazame upya lile shauri la Jumamosi na Jumapili. Jumamosi ni siku ya kufua. Ni siku ya soko, ya kusuka nywele za wadogo, ya kumfagilia Bibi chumba. Jumapili, majirani wa kila dini waoza, na palipo na harusi au msiba mtoto wa kike hutumwa asubuhi kumenya vitunguu na kurudi usiku. Katika siku saba za juma, mbili hizo ndizo ambazo msichana wa Ngamiani hana nafasi kabisa. Mzazi aliyetoa shauri lile hakukusudia kuwafungulia wavulana peke yao, lakini ndivyo itakavyokuwa. Na kwa kuwa wazazi waliopiga makofi walikuwa wengi, hofu yangu si ndogo.

Kwetu aliyekata shauri ni Bibi. Mimi nilileta hesabu zangu za milisekunde na hapana aliyenisikiliza. Yeye hakuuliza hesabu. Aliuliza tu kaka wa pili ana mikono mingapi. Tangu hapo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa vyombo ni vyake, na mimi siku hizo naingia kwenye kompyuta mara tumalizapo kula. Juma la kwanza alivunja bakuli mbili, nami sina hakika kwamba zote ziliponyoka zenyewe. Sasa ameshazoea. Kadhalika Baba amekubali kisanduku kisizimwe usiku. Saa kumi na moja alfajiri barabara ni tupu, harusi imekwisha kupita, nami husoma mpaka wakati wa kuwasha moto wa chai. Siku za upishi wangu, maadamu mawimbi yafika jikoni, huiweka simu ya Mama juu ya kinu na kusikiliza somo la Bayolojia wali unapokauka. Hayo hayalingani na meza na kiti. Lakini yashinda kungoja Jumamosi.

Wako watakaosema nyumba nyingine haina Bibi wa namna hiyo. Ni kweli. Ndiyo maana nadhani jambo hili lizungumzwe katika mkutano wa wazazi, pale pale lilipoanzia, na mzazi kabla hajafunga ajiulize maswali ambayo hayahitaji fundi: ni nani apakiaye mizigo mikubwa na saa ngapi, kisanduku kimewekwa wapi, na ile saa iliyotengwa ya masomo, kila mwanafunzi wa nyumba yuko wapi, amekaa au amesimama.

Limebaki la mpangaji wetu. Mwanawe yuko Kidato cha Pili katika shule yetu hii hii, na neno la siri hana. Baba aogopa, na hofu yake ina msingi. Nilisema kwamba nje nyumba nzima yaonekana kwa anwani moja. Basi atakalolifanya mtu yeyote kwenye laini yetu, liwe jema au baya, nje litasomwa kama limetoka kwa Baba. Tena aliyepewa neno la siri la nyumba huingia mtandao ule ule yaliko mahesabu ya duka. Hayo yote yana njia. Kisanduku chetu, kama vingi vya siku hizi, chaweza kutoa jina la pili la waifai kwa ajili ya wageni, lenye neno lake la siri, lisiloziona kompyuta za ndani, na waweza kulipimia megabiti 3 au 4 lisizidi. Kwa mtoto anayesoma, hizo zamtosha sana. Neno la siri na liwe refu, na ulinzi wake uwe ule uitwao WPA2 au WPA3, kwa maana ule wa kwanza kabisa, WEP, ulikwisha kuvunjwa na wataalamu tangu 2001.

Mama mpangaji amesema yuko tayari kuchangia fedha kila mwezi. Hapo ndipo palipo na fundo. Mikataba ya laini za nyumbani aghalabu yakataza mteja kuiuza tena kwa wengine, na Baba hataki kuwa mfanyabiashara wa intaneti asiyejijua. Mama ashauri mtoto apewe bure, na mamaye akitaka atulipe kwa vitumbua. Baba asema hatatoa jibu mpaka mkataba usomwe wote, hata yale maandishi madogo ya nyuma. Una kurasa kumi na nne za Kiingereza. Nimemwahidi kwamba nitamsomea Ijumaa usiku, siku ambayo vyombo si zamu yangu.

Msichana wa Kidato cha Nne